Kidole gumba kilichotafuta sefti isiyokuwepo

Miaka tisa nilibeba CZ 75 Compact, bastola ya chuma kitupu, karibu kilo moja hata kabla hujaweka risasi. Kuivaa kuanzia asubuhi mpaka nafunga duka la jumla si mchezo. Mshipi unachimba nyonga, na jioni natembea upande. "Unachechemea kama kuku aliyepigwa jiwe," mke wangu aliniambia. Nikaanza kutafuta nyepesi.

Hapa Kenya hubadilishi bastola kama unavyobadilisha simu. Cheti kinataja silaha yenyewe, na lazima Bodi ya Leseni za Silaha ikubali kwanza. Kungoja huko kulinisaidia, maana nilipata nafasi ya kujaribu za wenzangu kwenye uwanja wa kulenga shabaha wa Kirigiti. Glock 43X ilikuwa nyembamba, inajificha vizuri chini ya shati, ila kwa kiganja changu kikubwa ilikuwa inarukaruka. Glock 19 ilitulia: gramu 600 hivi bila magazini (kile kisanduku cha risasi kinachoingia kwenye mpini), risasi 15 za milimita 9. Nikaichukua hiyo.

Siku ya kwanza niliona haya. Nikiinyanyua haraka, mdomo wa bastola unatazama juu ya shabaha, kwa sababu mpini wa Glock umelala zaidi na mkono wangu ulishazoea ule wa CZ. Hilo nilitarajia. Lililonichanganya ni kwamba risasi ya mwisho ikitoka, slaidi, ile sehemu ya juu inayokwenda nyuma na mbele, haibaki nyuma ikiwa wazi inavyopaswa. Inafunga, nami naendelea kuvuta triga ya bastola tupu. Nikalaumu magazini. Nikabadilisha, mambo yale yale. Nilikuwa nishaanza kumtukana kimoyomoyo aliyeniuzia.

Mkufunzi wetu, mzee aliyestaafu jeshini, hakusema neno. Akaweka kidole chake juu ya gumba langu. CZ niliibeba ikiwa imekokiwa, yaani nyundo imevutwa nyuma tayari, na sefti, kile kitufe cha kuzuia isifyatuke, imefungwa, kwa hiyo gumba lilizoea kushuka kuifungua na kubaki pale pale. Glock haina sefti ya gumba. Pahali hapo pana kijiti kinachoishika slaidi isirudi mbele, nami nilikuwa nimekikalia!

Nyumbani nikaanza mazoezi makavu, yaani kuvuta triga bila risasi. Risasi zote zinabaki chumba kingine, chemba, pale risasi inapokaa tayari kufyatuliwa, naikagua kwa macho na kwa kidole, mara mbili, halafu nalenga ukuta wa mawe. Juu ya slaidi naweka sarafu ya shilingi 10. Ikianguka nikivuta triga, nimeharibu. Inachosha, kwani kila mara lazima uikoki upya.

Nilichoogopa hasa ni kuisafisha. Huwezi kuifungua Glock bila kwanza kuvuta triga, kwa hiyo anayesahau risasi moja ndani ya chemba ataikumbuka kwa kishindo. Mfuko wangu wa zamani wa ngozi wa kubebea bastola nao niliutupa. Ulikuwa umelegea, na mdomo wake ungeweza kujikunja ukaingia kwenye triga. Sasa natumia wa plastiki ngumu unaofunika triga yote.

Miezi minne imepita. Gumba sasa linapanda juu lenyewe. Kwa mita 7, risasi tano nazifunika kwa kiganja. Kwa mita 15 bado zinakwenda chini kushoto, na mzee bado ananiambia, "Bwana, usiinyakue triga. Ikandamize."