Mabibi harusi wawili wa Langoni

Nyumba za mawe za Lamu hazikujengwa kwa ajili ya kuchagulia fondesheni, ile rangi ya kupaka uso mzima. Kuta nene, madirisha madogo, mchana kweupe unawasha taa, na ile taa ndefu ya dari humfanya kila mtu aonekane mgonjwa. Khalati yangu, dada yake mama, aliyeanza kupamba mabibi harusi zama za liwa na wanja, hakukubali kuchagua rangi ya uso chumbani. Aliyetaka kupambwa naye alishuka kiwandani, ndiyo uani, penye jua.

Julai 2016, siku chache baada ya Idi, tuliitwa mtaa wa Langoni kuwapamba ndugu wawili, mama mmoja baba mmoja, walioolewa siku moja. Mkubwa alikuwa mweupe mwenye unjano. Mdogo alikuwa mweusi, na weusi wake ulikuwa na wekundu kwa mbali; baada ya kusuguliwa singo siku zote zile, ngozi ilikuwa inang'aa yenyewe. Katikati yao walijaa binamu, maji ya kunde wa kila namna, nao kila mmoja anataka apakwe kidogo.

Sanduku la vipodozi lilitoka Mombasa. Tulipolifungua tukakuta chupa kadhaa za weupe, zinazofuatana kama ngazi, na ya kahawia moja. Moja! Mwaka uliofuata Fenty Beauty, vipodozi vya mwanamuziki Rihanna, iliingia sokoni na rangi 40 za fondesheni kwa mpigo, na dunia ikastaajabu. Mimi nilistaajabu kwamba kuna aliyestaajabu.

Khalati alimketisha mdogo juu ya mkeka akamchora mstari wa ile kahawia kwenye taya. Mkononi hakujaribu, maana mkono una rangi yake na uso una yake. Tayani ndipo uso unapopokezana na shingo. Kisha akasubiri. Fondesheni ikishakutana na hewa na mafuta ya ngozi hugeuka, na joto letu la Lamu ndilo hilo. Ikakauka, ikawa jivu tupu. Rangi hizi hutengenezwa kwa oksidi za chuma, nyekundu, ya njano na nyeusi, pamoja na unga mweupe wa titani. Nyeupe ikizidi, ngozi nyeusi hupauka.

Akaitisha kisahani. Akamimina kahawia, akakwangua poda ya macho ya rangi ya kahawa, akakoroga kwa mpini wa brashi. Bado. Akachukua lipstiki ya rangi ya matofali, akakata kipande kidogo kwa ncha ya kisu, akakiponda ndani. Mstari mpya ulipokauka niliinama kuutafuta na sikuuona. "Hiyo ndiyo," akasema. Chini ya macho, palipokuwa na kiza cha kukesha, alitangulia na rangi ya machungwa, kwa sababu rangi nyeupe hapo huleta kijivu.

Basi akatokea shangazi mtu. Akamtazama mdogo, akamtazama mkubwa, akaguna.

"Sasa wageni watasemaje? Mmoja mwezi, mmoja usiku. Mtilie huyu poda walingane."

"Bi mkubwa, hawa si sahani za seti," Khalati akamjibu, huku mkono hausimami.

Bibi harusi, ambaye kwa ada alitakiwa kuinamisha macho na kunyamaza, akasema chini chini, "Shangazi, niacheni na uso wangu."

Shangazi hakushindwa upesi. Khalati akaona maneno hayatoshi. Akachukua ile poda nyeupe, akampaka binti shavu moja tu, akamwita mpiga picha, mwanamke, kwani simu za wageni zilizuiwa mlangoni. "Piga na mwanga." Kamera ikawaka. Kwenye kioo chake shavu moja lilikuwa la binti yao, la pili limepauka kama la mtu aliyetoka kinuni; poda za namna ile huurudisha mwanga wa kamera. Shangazi aliishika kamera kwa muda mrefu. Akairudisha, akaenda kuulizia biriani.

Tukalifuta shavu. Mdogo akapata dhahabu kwenye kope, na midomo ya zambarau iliyokoza ambayo kwa dada yake ingekuwa jeraha. Mkubwa tukampa waridi, na fondesheni yenye unjano kama shingo yake, ingawa yeye aliililia chupa nyeupe zaidi mpaka mama yake akamkemea.

Wakati wa malipo mama akauliza mbona mdogo anatozwa zaidi, na vipodozi ni vya sanduku lao wenyewe.

"Wa mkubwa nimemfungulia chupa," Khalati akasema. "Wa mdogo nimemtengenezea."

Mama akacheka, akaongeza noti, na akaomba kile kilichobaki kisahanini afungiwe.