Mkuu wa kaya

Chumba cha tatu kimepata mpangaji mpya. Kijana, ana sabufa, na tangu Jumamosi ukuta wangu unatetemeka. Nimemkumbuka mzee.

Nyumba yetu iko Mbagala, zile za korido katikati, vyumba vitatu huku vitatu kule, uani choo kimoja na bomba linalotoa maji likijisikia. Silingi bodi hakuna, ukuta unaishia chini ya mabati, jirani akikohoa unampa pole bila kutoka kitandani. Mzee alikuwa mlinzi wa usiku huko Masaki. Anatoka jioni sisi tunarudi, anarudi asubuhi tumo foleni ya bafu, ndoo mkononi. Shikamoo, marahaba, basi. Miaka miwili. Pesa ya luku alikuwa anamwachia mama mwenye nyumba, kamili, wakati sisi tunagombana nani ana pasi na nani ana friji. Kwenye daftari la luku kaandikwa "Mlinzi".

Sensa ya 2022 ndiyo iliyotuumbua. Karani, binti mmoja na kishikwambi chake, alifika mlango wa tatu akakuta kufuli. Anaitwa nani huyu? Tukatazamana. Mama mwenye nyumba, anayepokea kodi yake kila miezi sita, akasema, "Mzee." Binti wa watu akacheka, akasema atarudi.

Alirudi kesho yake asubuhi. Mimi nilikuwa nimelala na homa, nikasikia yote. Majina yake matatu. Miaka 61. Kazaliwa Newala. (Mabasi ya kwao yanapita Barabara ya Kilwa hapo, kila siku, hata honi zake tunazisikia.)

"Umeoa, baba?"

"Nilioa."

"Mkuu wa kaya?"

"Mimi."

"Na wengine?"

Kitanda kikalia. "Niandike mimi tu, mwanangu."

Baadaye ikatangazwa kwamba Dar tuko watu 5,383,728. Nikajikuta nawaza, mmoja kati ya hao namjua mpaka alipozaliwa, na yeye hajui kama namjua.

Wiki iliyofuata nikamkuta uani anapiga mswaki. Nikajifanya mjanja, nikamwamkia kwa jina lake la kwanza: shikamoo mzee fulani. Mkono ukasimama.

"Jina langu umelipata wapi?"

Nikababaika, nikasema nimelisikia tu. Akatazama dirisha langu, halafu mabati. Akatema povu.

"Marahaba."

Kabla ya hapo kila asubuhi nilikuwa nasikia redio yake, taarifa ya habari ya saa mbili, halafu mkoromo. Tangu siku ile, sikusikia redio. Nadhani alikuwa anaibana sikioni. Hata kikohozi akawa anakimeza, nasikia pale kinapokatikia.

Mwaka jana akahama, mchana, sote tuko kwenye mihangaiko. Mama mwenye nyumba alikuta kufuli lake juu ya dirisha, ufunguo ukining'inia, na chini yake elfu mbili ya luku.