Chupa ya Rioja ya 2001 na ushauri nilioukataa

Kila aliyeiona chupa yangu ya Gran Reserva 904, mvinyo mwekundu wa Rioja wa mwaka 2001, alikuwa na la kusema. Ifungue asubuhi uinywe jioni. Mvinyo mwekundu haupoozwi. Umimine kwenye jagi uutikise. Ushauri huo unafaa mvinyo mchanga, lakini watu huutoa kwa mvinyo wowote, na hilo linaniudhi sana.

Mvinyo huu hutengenezwa na La Rioja Alta ya mjini Haro, kaskazini mwa Hispania, kwa zabibu za Tempranillo na Graciano kidogo. Hukaa miaka 4 kwenye mapipa ya mwaloni wa Marekani, na kila miezi 6 huhamishwa pipa hadi pipa ili mashapo yabaki nyuma. Hewa ya kutosha mvinyo umeshaipata humo. Kilichobaki ni harufu laini, na ukiuacha wazi kutwa nzima harufu hiyo inaruka.

Nilikuwa Logroño, mji mkuu wa jimbo la La Rioja, Agosti, chumba kina joto karibu nyuzi 30. Chupa ilikuwa imesimama wima tangu juzi, mashapo yatue. Nikaitia kwenye friji mpaka ikawa baridi kidogo mkononi, kama nyuzi 17 hivi.

Kizibo ndicho kilichonipa raha. Rafiki yangu alikuwa ameshafungua chupa ya umri huohuo kwa kizibuo cha kawaida cha skrubu. Kizibo kikakatika katikati, nusu ikasagika ndani, akaishia kuuchuja mvinyo kwa chujio la chai. Mimi nilinunua kile kifaa chenye ndimi mbili bapa za chuma, kwa euro chache tu. Unaingiza ulimi mrefu kwanza, kati ya kizibo na kioo, halafu ule mfupi. Unasukuma taratibu ukichezesha kushoto na kulia, bila kukandamiza, maana kizibo kikilegea kitatumbukia. Ndimi zikizama zote, unazungusha huku unavuta. Kilitoka kizima! Upande wa chini kilikuwa cheusi, kimelowa, laini kiasi kwamba skrubu ingekichana. Rafiki yangu alikishika akakigeuzageuza, hakusema kitu.

Nilimimina moja kwa moja kwenye glasi pana, polepole, taa ikiwa nyuma ya shingo ya chupa, nikaacha mara tu wingu la mashapo lilipokaribia. Ukingoni mvinyo ulikuwa na rangi ya tofali. Dakika za mwanzo ulinuka mbao za zamani na ngozi, na hapo ndipo wengi husema umeharibika. Subiri. Baadaye kidogo zilikuja cheri kavu, tumbaku, ganda la chungwa, na ile vanila na nazi ambayo mwaloni wa Marekani huacha. Mdomoni ulikuwa mwepesi kuliko nilivyotarajia, ukali wa tanini, ile inayokausha ulimi, umelainika, lakini uchachu wake bado uko hai, na ladha ilikaa muda mrefu baada ya kumeza.

Tuliunywa na mbavu za mwanakondoo zilizochomwa kwa matawi makavu ya mizabibu, chumvi tu. Pilipili weka mbali. Chupa ilinigharimu zaidi kidogo ya euro mia, na glasi ya pili ilikuwa bora kuliko ya kwanza.