Pepo Kizimbani: Jinsi ya Kuitazama The Exorcism of Emily Rose

Filamu hii ya Scott Derrickson ya mwaka 2005 ina walalamikaji wa aina mbili. Kuna walioshawishiwa na trela iliyojaa mayowe, wakaishia kutazama mawakili wakibishana. Kuna pia waliokuja kwa ajili ya kesi, wakachukizwa na saa inayosimama yenyewe saa tisa usiku. Wote wana hoja, ila ya wa pili ina uzito zaidi.

Sinema ya kupunga pepo kwa kawaida huegemea swali moja: mgonjwa atapona? Hapa swali hilo linazikwa dakika za mwanzo. Mchunguzi wa maiti anafika, Emily keshakufa, na Padri Moore, aliyempunga, anashtakiwa kwa kusababisha kifo kwa uzembe. Anayesubiri kupona kwa binti huyo atachoka mapema. Linalobaki ni nani ataaminika.

Ndiyo maana vitisho vingi vinakuja kwa kisengerenyuma: kuna shahidi anayevisimulia. Chukua usiku ule bwenini. Emily ananusa kitu kinachoungua, kisha anakandamizwa na uzito asiouona. Padri anasema ni pepo. Lakini kunusa moshi usiokuwepo ni dalili inayojulikana ya kifafa kinachoanzia kwenye ubongo usawa wa sikio, na ugonjwa huo ndio madaktari waliomtajia Anneliese Michel, Mjerumani ambaye kisa chake ndicho chimbuko la filamu. Alifariki mwaka 1976 akiwa na miaka 23, baada ya vikao 67 vya kupungwa. Mtazamaji anayejiuliza upande wa pili ungelieleza vipi kila tukio ananufaika mara mbili. Anayehesabu mishtuko tu atasinzia, hasa kwa kuwa daraja la PG-13, la filamu ambazo hata vijana wadogo huruhusiwa kutazama, liliifanya damu iwe haba.

Wakili wa utetezi, Erin Bruner, halazimiki kuthibitisha kuwa pepo yupo. Akipandikiza shaka tu, inamtosha. Na kuna utamu wa pembeni: mwendesha mashtaka ndiye mcha Mungu, wakili wa padri ndiye asiye na hakika.

Kasoro iko nyumbani kwa Bruner. Mambo ya ajabu yanamtokea yeye mwenyewe usiku, na hakuna shahidi aliyeapa anayetusimulia hayo. Kamera ndiyo inayosema. Hapo mwongozaji anabonyeza mizani kwa kidole, na mpenzi wa kesi ana haki ya kununa.

Kesi halisi, iliyosikilizwa Aschaffenburg mwaka 1978, ilikuwa na washtakiwa wanne: wazazi na mapadri wawili. Walipatikana na hatia, wakapewa kifungo cha miezi sita kilichoahirishwa. Filamu imebakiza padri mmoja, na hilo linaifaa, maana mshtakiwa mmoja hukaza mvutano. Asiyetaka pepo kabisa atafute Requiem ya Hans-Christian Schmid (2006), iliyotokana na kisa hichohicho.

Kuhusu tukio la ghalani, ambako Emily anapungwa, kumbuka kwamba kielelezo kilichofika mahakamani ni kanda ya sauti. Wanaoamua kesi wanasikia tu. Farasi na giza tunaviona sisi. Litazame mara moja, kisha lirudie ukiwa umefumba macho, uone kama hukumu yako ni ileile.