Nina mgombea wangu, na mdahalo niliuendesha kwa haki

Kila uchaguzi ukikaribia linarudi neno lile lile: mwendesha mdahalo atafutwe mtu asiye na upande. Neno hilo linanikera. Mwaka 2015 niliendesha mdahalo wa wagombea udiwani katika kata moja ya ufukweni mwa Ziwa Victoria, wilaya ya Ilemela, Mwanza, nikijua kabisa kura yangu itakwenda kwa nani, na wagombea wote wawili walitendewa haki. Hilo nalisema kwa kujivunia, kwa sababu tulilifanyia kazi.

Kwanza, huyo mtu asiye na upande anaishi wapi? Ukimkuta mkazi wa mwambao wetu asiye na maoni kuhusu ushuru wa mwalo, pale samaki wanapopakuliwa, maji ya bomba yanayokatika huku ziwa linaonekana dirishani, na nyavu zinazokamatwa na kuchomwa moto, basi huyo ni mgeni, na mgeni hajui hata amuulize nini mgombea. Kuna waliotaka tulete mchungaji kutoka mbali. Wengine walisema tutafute Mzungu. Niliwauliza, huyo Mzungu mgombea akimwambia kokoro ni wavu halali atajua amedanganywa?

Hali ya mwaka ule wanaoikumbuka wanaikumbuka. Mwaka 2010 majimbo yote mawili ya jiji, Nyamagana na Ilemela, yalikwenda kwa wapinzani, CHADEMA, na Nyamagana Ezekiel Wenje alimwangusha Lawrence Masha, Waziri wa Mambo ya Ndani. Ilipofika 2015 CCM walitaka kurudisha chao, upinzani umejifunga pamoja UKAWA, juu kabisa wanaogombea urais ni Magufuli wa CCM, mtu wa Chato, ng'ambo tu ya ziwa letu, na Lowassa wa UKAWA, aliyetoka CCM mwezi Julai. Nyumba moja ilikuwa na bendera mbili, na ndugu hawasalimiani. Katikati ya hayo vijana wa mtaani, wengi wao niliowafundisha Uraia kabla sijastaafu, wakaja: "Mwalimu, tunataka wagombea wakae meza moja, na wewe ndiye utakayeongoza."

Nilikwenda kuomba ushauri kwa mtangazaji mmoja mzoefu. Akanipa kanuni yake: andika maswali, muulize kila mtu swali lile lile, mpe kila mtu dakika zake, usiongeze neno. "Ukimsahihisha mmoja tu, mwalimu, umekwisha." Mfano wake ulikuwa Candy Crowley, aliyeongoza mdahalo wa wagombea urais wa Marekani, Obama na Romney, Oktoba 2012. Romney alipodai kwamba Obama alichelewa kuliita ugaidi shambulio dhidi ya Wamarekani kule Benghazi, Libya, Crowley alimwambia pale pale kwamba Obama alikuwa ametumia maneno hayo, na lawama zikamwandama. Mtangazaji hakunisimulia kwamba mwezi huo huo, kule Denver, Jim Lehrer aliyeongoza mdahalo wao wa kwanza alilaumiwa kwa kosa la upande wa pili, kwamba aliwaachia wagombea wakajiendea walivyotaka. Wote wawili walikuwa na uzoefu wa miaka mingi. Anayeongea analaumiwa, na anayenyamaza analaumiwa vilevile.

Kanuni hiyo tuliijaribu katika kata ya jirani, ambako vijana walianzia. Ilikuwa aibu tupu. Mgombea wa kwanza akasema fedha za zahanati zimeliwa. Zimeliwa na nani, lini, kiasi gani, hakuna. Nikasema, "Asante, muda wako umekwisha." Wa pili akaahidi kila mvuvi atapata injini ya mtumbwi. Fedha zitatoka wapi, hakuna. "Asante, muda wako umekwisha." Saa nzima tulikwenda hivyo. Aliyesema kweli na aliyetunga walipata dakika zile zile na shukrani zile zile, na aliyetunga alipigiwa makofi zaidi kwa sababu uongo hauna mipaka ya bajeti. Mama mmoja aliyekaa mbele, ndoo ya dagaa miguuni, akanyanyuka akaniuliza kwa sauti, "Mwalimu, wewe umekuja kupiga kengele?" Alikuwa na haki. Ukinyamaza namna ile, unakuwa umeshampendelea anayetunga.

Basi kwa mdahalo wetu nikaachana na kanuni ile, na jambo la kwanza nililofanya liliwashtua wengi. Niliwaita mameneja wa kampeni wa pande zote mbili, nikawaambia: "Mimi nina mtu wangu na nitampigia kura. Sitamtaja, kura ni siri. Lakini msije mkasema mlidanganywa." Mmoja alitaka kuondoka. Nikamwomba asome kwanza jinsi nilivyojifunga mikono, kisha aamue. Alisoma, akabaki.

Kufunga mikono kulianza kwa fundi wa nyavu mmoja, mzee wa chama ambacho mimi sikukitaka. Tumebishana naye siasa tangu mfumo wa vyama vingi uliporudi mwaka 1992, na hajawahi kunikubalia hoja hata moja. Ndiye niliyempelekea maswali yangu. Nilimkuta chini ya mwembe, wavu umetandazwa magotini, sindano ya mti mkononi. Akasoma polepole, akarudia, akasema: "Mwalimu, huyu unamhoji, yule unamkaribisha."

Nikamwomba anionyeshe. Kwa mgombea mmoja niliandika, "Kwa nini maji hayatoki katika mitaa ya mlimani?" Kwa mwenzake, "Una mpango gani wa kufikisha maji mitaa ya mlimani?" Maji ni yale yale, mlima ni ule ule. Mmoja anaanza akiwa mshtakiwa, mwenzake anaanza akiwa mhubiri. Halafu mzee akafanya jambo ambalo mpaka leo nalisimulia kila ninapopata msikilizaji. Akamwita mjukuu wake, akamwambia asome maswali yote kwa sauti bila majina ya wagombea, na wale mafundi wenzake na wabeba mizigo waliokuwa wakipunga upepo pale wabahatishe aliyeyaandika anamtaka nani. Walipatia wote. Hakuna aliyesitasita hata kidogo!

Tukayaandika upya pale pale, yeye akikata kwa kalamu nyekundu, mimi nikitetea, tukigombana kwelikweli. Kila swali likawa na sehemu mbili kwa wote: chama chako kimefanya nini juu ya jambo hili kilipokuwa na nafasi, na wewe utafanya nini kwa fedha ipi. Upinzani nao ulikuwa na wabunge wa jiji tangu 2010, kwa hiyo walikuwa na la kujibu. Mjukuu akasoma tena kwa kundi jingine. Safari hii wengine walisema mwandishi ni wa huku, wengine wa kule, wakaanza kuzozana wenyewe. Mzee akarudi kwenye wavu wake ameridhika.

Kumbe kazi ilikuwa bado. Maswali ya karatasini unaweza kuyasafisha, lakini upendeleo mwingi umo katika swali la nyongeza, lile linalokutoka papo hapo. Pale mdomo unakwenda na moyo. Kwa hiyo tuliandika mapema mambo matatu yatakayonilazimu kuingilia, awe nani awaye: akitaja idadi bila kusema ameitoa wapi, akiahidi kitu bila kusema fedha zake au njia ya kukitimiza, au akimtuhumu mtu asiyekuwepo. Nje ya hayo matatu, kinywa kimefungwa. Nilikuwa na karatasi yenye safu mbili, kila nikiingilia naweka alama, na mzee anaweka za kwake akiwa kwenye viti vya nyuma. Tena alinifanyisha mazoezi ya kushukuru. Alishagundua kwamba mmoja nilikuwa namwambia "asante sana, mheshimiwa" na mwenzake "haya, tuendelee". Tukakubaliana wote wapate "asante, mgombea", basi.

Muda haukuwa mikononi mwangu. Saa na kengele alishika binti wa kidato cha tatu aliyezoea midahalo ya shuleni, na alikuwa mkali kuliko refa. Ndiyo maana nashangaa watu wanaosema haiwezekani kutenganisha maoni na kazi. Sote tuliopita shule za nchi hii tumewahi kupangiwa upande unaopinga hoja ambayo moyoni tunaiunga mkono, na tukaitetea mpaka jasho likatutoka, na mwenyekiti aliyekuwa na rafiki zake upande mmoja akatutendea haki. Watoto wanaweza, watu wazima tunashindwa nini?

Kuna jambo waandaaji wengi hawalioni: hata siku ina upande wake. Wavuvi wa dagaa wanaingia ziwani usiku wa giza, kwa sababu taa zao hazifui dafu mbele ya mbalamwezi. Mwezi ukiwa mpevu wanapumzika. Kikao cha kwanza cha vijana kilipanga tarehe ambayo wavuvi wote wangekuwa wanaandaa mitumbwi na taa alasiri, na mkutanoni wangebaki watu wa madukani na ofisini. Mgombea mmoja angekuta uwanja umejaa watu wake, mwenzake akute viti vya plastiki. Nikaisogeza mpaka mwishoni mwa Septemba, mwezi umejaa, saa 9 alasiri, akina mama wakiwa na dagaa wachache wa kuanua. Usiku hatukuweza kwa sababu taratibu za kampeni zilitaka mikutano ifungwe saa 12 jioni. Turubai, spika na jenereta zilitugharimu kama laki tatu na ushei, kwa michango ya mtaani. Fedha za wagombea tulikataa, hata maji ya kunywa.

Siku yenyewe ilikwenda vizuri isipokuwa mahali pawili. La kwanza ni lugha. Mgombea mmoja alikuwa Msukuma, mwenzake Mkerewe. Yule Msukuma akaanza kuchomekea Kisukuma, uwanja ukalipuka kwa vicheko, na mwenzake amekodoa macho. Hilo tulikuwa tumelitegea: sharti lilisema lolote lisilo la Kiswahili nitalitafsiri kwa wote, na muda wa tafsiri unatoka kwake. Nikatafsiri taratibu, neno kwa neno, binti ameshika saa. Kichekesho kikitafsiriwa polepole kinakufa. Akajaribu tena, nikatafsiri tena, kisha Kisukuma kikaisha.

La pili lilikuwa zito, na ndilo ninalojivunia. Mgombea niliyekusudia kumpigia kura alisimama akasema akichaguliwa hakuna wavu utakaochomwa tena katika kata hii. Uwanja ulinyanyuka, wanawake wakapiga vigelegele. Moyo wangu ulitaka kumwacha apite. Hiyo ilikuwa ahadi, na ilitakiwa kuulizwa. Nikasema: "Mgombea, nyavu haramu zinakatazwa na Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003, iliyotungwa na Bunge. Diwani anakaa kwenye baraza la halmashauri. Ataizuia vipi sheria ya Bunge?" Nilizomewa. Watu niliokula nao ubwabwa harusini walinizomea. Yeye akanitazama kama nimemsaliti, akababaika, halafu akasema atapigania elimu kwa wavuvi na mikopo ya nyavu halali kupitia halmashauri. Hilo diwani analiweza! Ahadi yake ya pili ilikuwa bora kuliko ya kwanza, na ilipatikana kwa sababu aliulizwa. Mwenzake naye, alipotuhumu mtumishi mmoja wa halmashauri ambaye hakuwepo, nilimkata kwa kanuni ile ile, na alama zikaenda safu ya pili.

Ilipokwisha pande zote zilinung'unika, na vijana wakanipongeza wakisema hiyo ndiyo dalili ya haki. Siikubali. Mtu anaweza kumwonea huyu asubuhi na yule jioni, wakalalamika wote, na bado ni mwonevu. Mimi na mzee tulikaa na simu iliyorekodi, tukasikiliza mwanzo hadi mwisho, tukalinganisha alama zake na zangu. Tulipishana mahali pachache, na pote hapo alikubali kwamba kanuni ilinitaka niingilie. Tangu vyama vingi virudi, hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kunikubalia jambo.

Sharti moja zaidi waandaaji waliweke kwa maandishi: mmoja asipokuja, hakuna mdahalo. Julai 2017, katika mdahalo wa wagombea urais wa Kenya, Raila Odinga alisimama peke yake jukwaani Nairobi, Uhuru Kenyatta hakutokea. Julai 2022 ikawa zamu ya William Ruto kusimama peke yake, Raila akiwa amegoma. Anayehoji mtu mmoja kwa muda wote ule, hata awe hodari vipi, anamfanyia mkutano wa kampeni bila malipo.

Tarehe 25 Oktoba nilimpigia kura yule yule niliyekusudia.

Fomu ya safu mbili na orodha ya masharti ninayo bado, na kijana yeyote wa mwambao huu anayetaka kunakili aje nimpe. Lakini mtu wa chama pinzani wa kuyapitia maswali yake, kama mzee wangu, ajitafutie mwenyewe katika mtaa wake, na amchague mbishi hasa, kwa sababu mpole atakuonea haya.