Friji ilipojua joto la kesho

Saa 11:30 alfajiri niko kwenye feri ya Likoni, nimebanwa na mkokoteni wa machungwa. Nimeuguza miaka 12. Sasa najifunza ukaguzi wa ubora wa vituo vya afya, na bado sijaruhusiwa kutoa alama peke yangu.

Saa 2. Kikao cha utangulizi kwenye kituo tunachokagua. Makoti ya wahudumu yote yanang'aa kwa pasi, hata sakafu haijakauka. Siwacheki, enzi zangu wakaguzi wakija tulificha ndoo zilizopasuka. Mwalimu wangu, mkunga mstaafu, anaeleza SafeCare, viwango vya kupima ubora wa vituo vya afya, ngazi ya 1 hadi 5.

Saa 3 twamfuata mgonjwa mmoja tangu mapokezi hadi dirisha la dawa. Sehemu hii naipenda kuliko zote, kwa sababu mgonjwa hajui kuigiza. Maabara wanaita "Fatuma!" na wanainuka watatu. Nimeandika: jina pekee halitoshi, iongezwe tarehe ya kuzaliwa au namba ya faili.

Saa 5, friji ya chanjo. Joto linatakiwa nyuzi 2 hadi 8, lisomwe asubuhi na jioni. Karatasi mlangoni ni 4, 4, 4, mwezi mzima. Nikateremka na kidole hadi leo jioni: 4. Kesho asubuhi: 4.

Sista akaona kidole kimesimama.

"Dada, tuko wawili zamu nzima," akasema polepole.

Mwalimu hakuigusa karatasi. Akauliza, "Stima ikipotea, mwafanyaje mwanangu?"

Sista akachangamka. Akatoa kisanduku cha baridi na vibarafu vyake, akaonyesha vinavyopangwa, na anavyoviacha vianze kuyeyuka kwanza ili chanjo zisigande. Wiki iliyopita alizipeleka mwenyewe kwa tuktuk hadi kituo jirani. Hilo halikuandikwa popote.

Saa 7, viazi karai na ukwaju. Saa 9, kikao cha kufunga; daktari mkuu alibisha kuhusu boksi la sindano zilizotumika lililojaa kupita robo tatu, kisha akanyamaza.

Saa 12 jioni, foleni ya feri. Mwalimu anasoma daftari langu: "Muuguzi hujaza joto kabla ya wakati."

"Ni kweli," asema. "Sasa meneja akiisoma hii atafanya nini?"

"Atamfukuza."

Akanirudishia kalamu. Nimeandika upya nimesimama, daftari juu ya begi: joto limejazwa kabla ya kusomwa, zamu ina wauguzi wawili, na hakuna aliyepangiwa friji.