Ngoma ya mama wa Kiboswa

Kisumu sina la kuandika, nilifika usiku nimechoka, rumu bei ghali na maji ya moto hakuna, asubuhi nikadandia matatu ya Kakamega. Jumapili bwana, nauli imepandishwa mpaka 300 na bado kiti cha watu watatu tumebanwa wanne.

Kiboswa akapanda mama mmoja mtu mzima, kilemba cheupe, ngoma kubwa kaipakata. Konda akataka ngoma ilipiwe. Mama akamtazama tu, "Kijana wangu, ngoma ina matako? Imekalia kiti cha nani?" Gari zima kicheko. Konda kakaza, ati basi iende kwa keria juu. Mama akasema haya, italipa yenyewe, akaanza kuipiga na kuimba Kiluhya, nyuma wakaitikia, dereva akazima redio, na kabla ya Gambogi konda mwenyewe anagonga mlango kufuata mdundo, ya nauli keshasahau.

Kumbe mama ni wa African Israel Nineveh, lile kanisa Zakayo Kivuli alianzisha 1942 baada ya kutoka kwa Wapentekoste, makao yake Jebrok hukohuko Vihiga. Kivuli alipofariki 1974 mkewe Rebecca ndiye akaongoza, na hilo mama alinitajia kwa maringo kweli. Kanzu yake kajishonea, nakshi mpaka kwenye pindo. Nikamuuliza mbona kazi yote hiyo. "Ukienda harusi si unavaa? Sasa mimi furaha yangu ni kila wiki."

Gambogi tukawakuta wenzake barabarani, bendera juu, kanzu nyeupe safu kwa safu, wanaenda wakirukaruka jasho linawatiririka. Mama akashuka gari halijasimama vizuri, akaingia mstarini anapiga. Na mimi nikashuka.

Mimi mtu wa Lamu, matari, zile ngoma za mkononi, nimekua nayo, zefe, yale maandamano ya Maulidi, ikipita hata mgonjwa anatoka mlangoni. Habib Swaleh, mwanachuoni wetu wa zamani, alipoyaingiza matari kwenye Maulidi wako wakubwa walionuna, na leo tena kuna vijana kwetu wanasema hiyo si dini. Hapa pia jamaa mmoja kando yangu alikuwa anaguna ati wanafunga barabara tu. Sijui nani aliwaambia Mungu anataka nyuso zilizokunjwa!

Matatu yangu ikaondoka na 300 yangu, nyingine ikanitoza 200 mpaka Kakamega, nimesimama njia nzima.